Besimenti yenye giza: taa ngapi, za rangi gani, na zifungwe wapi?

*"Habari fundi. Tumenunua nyumba hapa Minneapolis, ilijengwa 1958. Besimenti, yaani sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, ina chumba kimoja kirefu cha futi 20 kwa 12. Kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ni futi 7 na inchi 2, na boriti bado ziko wazi. Kuta zimefunikwa mbao za kahawia. Kuna dirisha dogo moja juu kabisa, na balbu mbili za kuvuta kamba. Tunataka pawe sebule ya watoto, na mama mkwe akija kutoka Tanga mwezi wa kumi alale huko huko. Shemeji yangu amefanya kazi ya umeme Mombasa miaka mingi. Anasema atatufungia taa 12 za 6500K, kwa sababu mwanga mweupe ndio unaofukuza giza, tena unaondoa unyonge wa majira ya baridi. Mume wangu anaona balbu mbili za wati 100 zinatosha. Nani yuko sahihi, na tununue nini?"*

Dada, ndani ya swali lako kuna mambo matatu: chumba kisifanane na stoo, mama apande na kushuka bila kujikwaa, na shemeji afanye kazi bila kuacha hatari juu ya dari. La kwanza ni rahisi kuliko mnavyodhani. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Tumalize kwanza ubishi wa nyumbani. Mume wako anahesabu kwa wati, na wati hupima umeme unaoliwa, si mwanga unaotoka. Balbu ya LED iliyoandikwa "sawa na wati 100" hula wati 14 au 15 na kutoa lumeni 1,600 hivi. Hizo lumeni ndizo za kuhesabu. Chumba chenu kina futi za mraba 240, yaani mita za mraba 22 na kidogo. Sebule ambamo watoto watacheza na kuandika kazi za shule inataka kama lumeni 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mnahitaji 4,400 hivi. Ila hizo ni zinazofika, si zinazotoka. Mbao za kahawia na boriti wazi humeza karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo taa zenyewe zingepaswa kutoa kama 8,800. Balbu mbili za mume wako zinatoa 3,200. Tena zikiwa mbili tu, kila anayeinama kuandika anajitilia kivuli.

Shemeji yuko karibu zaidi: taa 12 za lumeni 700 ni 8,400. Idadi yake si ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba anashindana na kuta kwa kutumia umeme, wakati kuta zenyewe zinaweza kugeuzwa zikamsaidia.

Mtu akiingia chumbani hatazami sakafu. Macho yake yanakwenda mbele, ukutani, na ukuta ukiwa mweusi ataona chumba kina giza hata kama sakafu inang'aa. Chumba cha juu kina madirisha yanayoangaza kuta mchana kutwa, ndiyo maana hakuna anayeliwazia jambo hili. Besimenti haina msaada huo. Kila mwanga unaotaka uonekane ukutani lazima uupeleke mwenyewe, na ukifika ukute kitu cha kuurudisha. Mbao za kahawia hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga. Rangi nyeupe ya kawaida ya dari hurudisha asilimia 80 au zaidi. Kwa kuta nyeupe isiyokolea na dari nyeupe, mahitaji yenu yanashuka kutoka lumeni 8,800 hadi kama 6,800. Mmeshaokoa taa tatu kabla ya kugusa waya.

Kwa hiyo anzeni na brashi. Zile mbao zina vanishi, na rangi ikipakwa juu yake moja kwa moja itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Pigeni msasa mwepesi namba 120 au 150, futeni vumbi, pakeni praima ya kuzuia madoa, kisha rangi mikono miwili. Bila praima hiyo, utomvu na madoa ya mbao hupenya hadi juu na ukuta mweupe unaanza kuwa wa manjano kwenye vifundo. Kuta zote pamoja ni kama futi za mraba 450: andaeni galoni moja na nusu ya praima na galoni mbili na nusu za rangi. Chagueni isiyong'aa. Rangi yenye mng'ao katika chumba cha dari fupi hugeuka kioo, na kila taa utaiona mara mbili.

Kabla ya brashi, hata hivyo, pimeni unyevu. Kata mraba wa nailoni nene wa sentimita 45 kwa 45, ubandike kwenye zege tupu la sakafu kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, uuache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au zege limekolea rangi chini yake, maji yanapita kwenye zege. Yakiwa juu ya nailoni tu, hiyo ni hewa ya chumba yenye unyevu, na mashine ya kukausha hewa itatosha. Rudieni kipimo hicho nyuma ya ubao mmoja wa ukuta wa nje. Maji yakipita kwenye zege, simamisheni kila kitu, mtazame kwanza mifereji ya paa na mwinamo wa udongo nje ya nyumba. Taa iliyofungwa kwenye chumba kinachovuja huanza kwa kutu kwenye viungo vya waya, na kutu hiyo ikishafichwa na dari hakuna anayeiona.

Sasa hizo 6500K. Namba hiyo inataja rangi ya mwanga, haisemi lolote juu ya wingi wake. Najua nyumbani taa nyeupe ndiyo taa, na ya manjano huonekana kama umeme umepungua. Lakini mweupe wa 6500K unafanana na mwanga wa mchana wa nje, ambao huja kwa maelfu ya lumeni kwa kila mita ya mraba. Ukiuleta chumbani kwa lumeni 200, jicho linauona wa samawati na baridi, kama korido ya hospitali usiku. Kwa sebule nunueni 2700K au 3000K, zenye mwanga wa umanjano kidogo. Kwenye kona ya kufulia, ambako mtu anatafuta doa kwenye shati, 4000K inafaa.

Na kuna namba nyingine kwenye boksi ambayo ni muhimu kuliko hiyo: CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Tafuteni 90 kwenda juu. Taa rahisi nyingi ziko 80 na huwa dhaifu kwenye nyekundu, na ngozi zetu za kahawia zina wekundu mwingi ndani yake. Chini ya taa hizo watu huonekana kama wamepakwa majivu, na mtu anadhani kosa ni la chumba.

Kuhusu unyonge wa baridi, shemeji amesikia jambo la kweli akalibandika mahali pasipo pake. Minneapolis mwezi wa Desemba jua linazama mnamo saa kumi na nusu jioni, na wapo watu ambao giza hilo huwaletea huzuni ya kweli. Mwanga unaotumika kuwasaidia ni wa taa maalumu inayotoa luksi 10,000 (luksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba) karibu na uso, kwa nusu saa hivi, asubuhi. Dari yenu itatoa 200. Hata mkizidisha taa mara tatu hamtakaribia, na mwanga mkali wa samawati usiku utawachelewesha watoto kulala. Kama kuna anayezama katika huzuni kila baridi inapoingia, aende kwa daktari, wala asisubiri taa za besimenti.

Tuje kwenye taa zenyewe. Kwa dari yenu kuna njia tatu za maana. Ya kwanza ni taa bapa za kuzama za inchi 4, ambazo dukani huko wanaziita wafer, baada ya kufunga jipsamu. Ya pili ni dari ya vigae vya kuning'inia yenye paneli za LED: ni rahisi kufungua mkitaka kufikia mabomba, lakini hula inchi 3 au 4 za urefu, na ninyi hamna inchi za kugawa. Ya tatu ni kuziacha boriti wazi, kupiga kila kitu rangi nyeupe kwa bomba la rangi na kufunga reli ya taa. Njia hiyo ni ya bei nafuu na inaacha mabomba wazi, ila sauti za nyayo kutoka juu zitawachosha. Ningekuwa mshauri wenu wa kulipwa, ningesema jipsamu na taa bapa, mkiacha vifuniko vya kufungulika penye valvu za maji na boksi za kuunganishia waya. Boksi la waya halifukiwi juu ya jipsamu kamwe.

Nunueni nane, si kumi na mbili, kila moja ya lumeni 650 hivi, zikae safu mbili za nne nne. Kwenye urefu wa futi 20, taa ya kwanza iwe futi 2 na nusu kutoka ukutani, kisha kila baada ya futi 5. Kwenye upana, hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanagawa chumba sawasawa na kuweka safu futi 3 kutoka ukutani au zaidi. Zisogezeni ziwe futi 2 hadi 2 na nusu, mwanga umwagikie ukutani. Katikati patabaki bila taa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hapo ndipo watu watakapokaa. Taa iliyo juu ya kichwa kwenye dari ya futi 7 humwaga kivuli machoni, na anayelala kwenye kochi anatazamana nayo uso kwa uso. Kwa sababu hiyo hiyo, chagueni zile ambazo sehemu inayowaka imerudi ndani inchi moja au zaidi, wala si zile ambazo uso wake wote ni karatasi inayong'aa. Zinagharimu zaidi kidogo. Lipeni.

Nane hizo ni lumeni 5,200. Zilizobaki, kama 1,600, zitoke kwenye taa mbili za kusimama zinazoelekeza mwanga juu, kona mbili tofauti. Mwanga ukigonga dari nyeupe na kurudi hauna kivuli kikali, na dari yenyewe huonekana imepanda.

Boriti zenu bila shaka ziko inchi 16 kutoka katikati hadi katikati, kwa hiyo pengo ni inchi 14 na nusu. Pimeni boriti kabla ya jipsamu na mchore ramani, maana nafasi mliyoipanga itaangukia juu ya boriti angalau mara mbili. Sogezeni safu nzima, si taa moja, la sivyo mstari utaonekana umevunjika. Taa nyingi za aina hii huja na kiboksi kidogo, na kwenye ubavu wake kuna swichi ya kutelezesha ya kuchagua rangi ya mwanga, kwa kawaida yenye namba 2700, 3000, 3500, 4000, 5000. Mara nyingi inatoka kiwandani haipo unapotaka. Panga taa zote nane mezani, weka zote kwenye namba moja, ndipo zipande darini. Ikisahaulika moja utaijua usiku wa kwanza, na ili kuirekebisha lazima uishushe.

Fungeni swichi ya kupunguza mwanga, maana lumeni 6,800 za kazi za shule ni nyingi mno kwa kutazama filamu. Iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa LED, na iwe kwenye orodha ya mtengenezaji wa taa mlizonunua. Swichi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za moto zinazokula mamia ya wati. Taa nane za wati 9 ni 72 tu, na swichi ya aina hiyo ikikosa mzigo wa kutosha, taa hupepesa au hutoa mlio wa nyuki. Zilizo nzuri zina kigurudumu kidogo chini ya kifuniko cha kurekebisha kiwango cha chini kabisa. Kizungusheni mpaka taa ziache kupepesa mkizipunguza hadi mwisho.

Kwenye ngazi msibane matumizi. Mtu wa miaka 60 hufikiwa na karibu theluthi tu ya mwanga unaofika nyuma ya jicho la kijana wa miaka 20, na macho yake huchelewa kuzoea akitoka penye mwanga kwenda gizani. Mama akishuka kutoka jikoni kwenye mwanga mwingi, ngazi tatu za kwanza atazishuka kwa kubahatisha. Wekeni taa mbili, moja juu na moja chini, zote zenye kifuniko cheupe kama maziwa ili balbu isimchome machoni anaposhuka. Kanuni ya umeme ya Marekani inataka swichi juu na chini kwa ngazi zenye vipandio sita au zaidi. Swichi hiyo shemeji anaijua kwa jina la tu-wei, lakini duka la Marekani linaiuza kama three-way. Akiagiza kwa jina la kwetu atapewa kitu kingine. Ongezeni utepe mweupe kwenye ncha ya kila kipandio, na kitaa cha kihisio kwenye njia ya kwenda chooni.

Hapa lazima niseme lisilopendeza: kwa dirisha ulilolieleza, mama asilale huko. Chumba cha kulala cha besimenti kinahitaji dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukiwaka ngazini. Kwa kawaida kanuni hutaka uwazi wa futi za mraba 5.7, upana usiopungua inchi 20, kimo kisichopungua inchi 24, na kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Dirisha dogo lililo karibu na dari halifikii hata nusu ya hayo. Kulipanua ni kukata zege la msingi na kuchimba shimo nje, kazi ya mkandarasi mwenye kibali, na mwezi wa kumi uko karibu. Mpeni mama chumba cha mtoto juu, watoto wakacheze chini. Ving'amuzi vya moshi na vya kaboni monoksidi besimenti ipate kwa vyovyote, hasa kama tanuri la gesi la kupasha nyumba joto liko huko.

Sasa shemeji. Simdharau, miaka ya kazi ni miaka ya kazi. Lakini mikono yake imezoea rangi ambazo hapa zina maana nyingine, na hilo linaua. Kwa mpangilio wa zamani wa Kiingereza ulioenea kwetu, nyekundu ni ya moto, yaani inayoleta umeme, na nyeusi ni nyutro, inayourudisha. Kwa mpya, kahawia ni ya moto na buluu ni nyutro. Marekani nyeusi ndiyo ya moto, nyeupe ni nyutro, na waya mtupu wa shaba au wa kijani ni wa ardhi. Mtu akishika nyeusi kwa kuamini ni nyutro, ameshika volti 120. Na nyumba ya 1958 ina mtego wa ziada: zamani waya wa kwenda kwenye swichi ulitumia nyeupe kupeleka moto bila alama yoyote, kwa hiyo hata nyeupe haiaminiki mpaka ipimwe. Azime breka, apime kila waya kwa kipimo, akijaribu kipimo chenyewe kwanza mahali penye umeme. Akifungua boksi akakuta nyeusi na nyekundu zinashiriki nyeupe moja, asiitenganishe hiyo nyeupe kabla ya kuzima breka zote mbili; nyutro ikikatika hapo, taa za volti 120 zinaweza kupokea hadi karibu 240 na kuungua zote.

Kwa sakiti ya ampea 15 atumie waya namba 14, kwa ampea 20 namba 12, asichanganye. Tundu kwenye boriti liwe angalau inchi 2 kutoka ukingo wa juu na wa chini, lisizidi theluthi ya kimo cha boriti. Taa ziwe na nembo ya UL au ETL, alama za kuonyesha zimepimwa usalama. Msiagize taa za volti 220 hadi 240 kutoka nyumbani hata zikiwa bei ya chini: nyingi hazitawaka vizuri kwa 120, na mkaguzi atazikataa. Na kibali ni lazima. Minnesota humruhusu mwenye nyumba kufanya umeme wa nyumba anayoishi, lakini ruhusa hiyo haimfuati shemeji asiye na leseni ya jimbo. Pigeni simu ofisi ya vibali ya mji kabla ya kununua waya, mwulize nani anaruhusiwa kufanya nini. Ukaguzi wa kwanza hufanyika boriti zikiwa wazi. Mkifunga jipsamu kabla, mtaambiwa mbomoe.

Kama fedha hazitoshi mwaka huu, pakeni rangi, zile taa mbili za kamba mzibadilishe kwa taa bapa za kubandika darini za lumeni 1,500 kila moja kwenye boksi zile zile, na muongeze taa tatu za kusimama za kuchomeka. Hapo mtakuwa na mwanga wa kuanzia bila waya mpya hata mmoja. Msichomeke zote kwenye waya mmoja wa kuongezea uliopita chini ya zulia.

Mwiteni fundi mwenye leseni, bila kujadiliana, mkikuta lolote kati ya haya: boksi za zamani hazina waya wa ardhi, jambo la kawaida kwa nyumba za umri huo, waya ni wa alumini, ambao ulitumika sana kati ya 1965 na 1973 na huenda uliingia na ukarabati, kuna alama za maji au kutu ndani ya boksi la breka, breka inaruka bila mzigo mkubwa, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua popote. Mwombeni pia atazame nafasi ya mbele ya boksi la breka: inchi 30 upana na futi 3 mbele zibaki tupu, kwa hiyo hapo pasiwekwe kabati la vitabu wala sanduku la midoli ya watoto.